Kushiba na Kuendelea: "Tumbo Lisiloshiba" Linaposomwa Tassia

Makala haya yanadhamiria kuhoji desturi moja ya uhakiki wetu, nayo ni kuichukulia mandhari kuwa ukumbi tu ambamo wahusika hutenda mambo yao. Upungufu wa desturi hiyo hubainika msomaji awapo Tassia, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi. Hapo majumba ya ghorofa yamebanana, na Mto Ngong hupita jirani ukiwa umekwisha kupokea uchafu wa Mukuru na wa Eneo la Viwanda. Maji hayo yamebeba habari za matendo ya watu wengi ambao hawaishi ukingoni mwake.

Tuchukue mfano wa "Tumbo Lisiloshiba", hadithi fupi ya Said A. Mohamed iliyoupa jina mkusanyiko uliochapishwa mwaka 2016. Jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago, mtaani Madongoporomoka, na kukifyeka chakula chote. Baadaye tingatinga zinafika. Fasiri iliyozoeleka madarasani ni kwamba Jitu ni ishara ya mnyakuzi wa ardhi. Fasiri hiyo ni sahihi, ila haitoshelezi. Jina la mtaa lenyewe limefungamanisha watu na udongo unaoporomoka. Anayewala hawa huula na huo.

Aidha, kitenzi "kushiba" kina falsafa inayostahili kuzingatiwa. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha malengo 17 ya maendeleo endelevu. Neno "endelevu" limetokana na "kuendelea", nalo "kuendelea" lina asili yake katika "kwenda". Linatuhimiza twende, wala halitwambii tukomee wapi. "Kushiba", kwa upande wake, ni kutambua kikomo: mwili wenyewe husema basi. Kwa hiyo hadithi hii inatupa kipimo cha uhai wa dunia ambacho istilahi rasmi imekikosa.

Hata hivyo, kipimo hicho kina hatari zake. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, serikali ya Kenya iliwaamuru waishio kandokando ya mito wahame, na makazi ya Mathare na Mukuru yakabomolewa. Hakuna anayeweza kukana kwamba mto uliofurika huua. Lakini Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na aliyebomolewa kibanda ni mtu. Iwapo hifadhi ya mto inaanza na kukomea kwa maskini, basi tingatinga la Madongoporomoka limerudi likiwa limevaa joho la mazingira. Utunzaji wa mazingira usio na haki ya kijamii ni njaa ya Jitu kwa jina jingine.

Udhaifu wa hadithi, kwa maoni yetu, ni kwamba Jitu ni moja. Msomaji anaweza kulinyooshea kidole kisha akalala usingizi. Tassia hairuhusu faraja hiyo. Mwenye nyumba anayeongeza ghorofa moja zaidi, kiwanda kinachofungulia mabomba yake mtoni, mpangaji anayetupa mfuko wa taka usiku, na hata mhadhiri anayeandika makala haya akiwa ameegesha gari lake nje, wote wana sehemu katika tumbo hilo, ijapokuwa sehemu zao hazilingani. Kupima tofauti hiyo ndiyo kazi ya uhakiki: atakayewatwika wote mzigo sawa atakuwa amewaficha wenye kula zaidi.

Hatimaye, tunapendekeza kwamba mwanafunzi anayeandika juu ya mandhari asiridhike kutaja mahali na wakati. Aulize ni nani aliyekula hapo, ni nani aliyelala njaa, na makombo yalitupwa kwa nani. Akiyauliza hayo kuhusu Madongoporomoka, itambidi ayaulize kuhusu Tassia pia, na huko majibu yanapita mtoni kila siku.