Mandala ya Mchanga: Fani, Maudhui na Maneno Yetu

Hapa Rusizi, ambako wengi wetu bado twapaita Cyangugu, Kiswahili husikika sokoni Kamembe na kwenye mipaka ya kuvukia Bukavu. Tangu mwaka 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Lugha ikipewa cheo hupewa na mzigo: yaipasa iweze kueleza hata mambo ambayo wasemaji wake hawajayazoea. Katika makala haya tutaupima uwezo huo kwa kuhakiki sanaa takatifu ya Wabudha wa Tibet, yaani mandala ya mchanga, ambayo watawa wameipeleka katika vyuo vikuu vingi, hasa vya Marekani. Chuo Kikuu cha Emory, kwa mfano, kilianzisha uhusiano rasmi na monasteri ya Drepung Loseling mwaka 1998.

Msomaji asidhani kwamba Ubudha u mbali nasi. Dar es Salaam lipo hekalu lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Seiloni, ambayo leo ni Sri Lanka. Nchini Uganda, Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na Ubudha mwaka 1990 alipokuwa India, alipata utawa kamili mwaka 2002, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Wabudha nchini mwake. Basi hao ni majirani zetu, na jirani hustahili kutajwa kwa haki.

Tuanze na fani. Watawa huchora mistari mezani kwa kamba na chaki. Kisha hujaza mchanga wa rangi, kuanzia kitovuni kwenda pembeni, kwa mirija myembamba ya chuma; mtawa huukwaruza mrija ili mchanga utoke punje kwa punje. Baada ya siku kadhaa huonekana kasri lenye milango minne, pengine makao ya Chenrezig, ambaye ni mfano wa huruma. Halafu, baada ya sala, watawa huifagia picha yote. Sehemu ya mchanga hugawiwa waliohudhuria, na uliobaki humwagwa katika maji yanayotiririka.

Tulipowaonyesha wanafunzi wetu picha za kazi hiyo, mmoja aliuliza: "Mwalimu, kwa nini wataabike siku zote hizo, halafu wafute?" Mwenziwe akajibu upesi kwamba hao ni waabudu sanamu, na kazi ya waabudu sanamu ni bure. Swali lilikuwa jema. Jibu ndilo lililotutia wasiwasi, kwa kuwa lilijengwa kwa maneno tuliyowafundisha sisi wenyewe.

Neno "sanamu" darasani ni kitu kilichochongwa tu, bali kanisani na msikitini hubeba lawama. "Kuabudu" nako hutufanya tumfikirie Mungu Muumba. Lakini Buddha hakudai kuwa Mungu, na Mbudha ainamapo mbele ya sanamu yake humheshimu mwalimu aliyemwonyesha njia. Kadhalika "dukkha" hufasiriwa "mateso", hali ni pana zaidi: hata furaha imo, kwa kuwa haikai. "Nirvana" nayo tukiiita "peponi" tumeipotosha, kwani maana yake ni kuzimika kwa moto wa tamaa, chuki na ujinga.

Je, Kiswahili kimeshindwa? La hasha. Wahenga wamesema, hakuna marefu yasiyo na ncha. Methali hiyo yatosha kuwa mlango wa kuingilia katika fundisho la kutodumu, ambalo ndilo kiini cha maudhui ya mandala. Walakini tusiishie mlangoni. Methali yetu aghalabu hutumika kumfariji mwenye dhiki au kumwonya mwenye kiburi. Mandala yadai zaidi: kwamba mtu afanye kazi yake kwa uangalifu wote akijua kwamba haitabaki, wala asinung'unike ifutwapo.

Kwa hiyo kufagia si mwisho wa sanaa hii. Ni sehemu ya fani yenyewe. Mwanachuo anayepiga picha ya kasri lililokamilika akaenda zake ni sawa na msomaji aliyeifunga tamthilia kabla ya onyesho la mwisho. Chuo kinachoikaribisha mandala bila kuandaa mafundisho yake kimekaribisha tamasha tu. Hata ugawaji wa mchanga una hatari zake. Watawa wanakusudia baraka, lakini mtazamaji asiyeelezwa aweza kuufunga mchanga huo katika kikopo na kuutunza kama mali, akageuza somo la kuachilia kuwa somo la kumiliki.

Hatusemi kwamba mwalimu wa Kiswahili auhubiri Ubudha. Kila mmoja ana dini yake na abaki nayo. Twasema kwamba tafsiri isiyo ya haki ni ushahidi wa uongo, na mwanafunzi huibeba maisha yake yote. Twapendekeza, basi, kwamba neno geni lifasiriwe kwa sentensi nzima pale ambapo neno moja litapotosha. Na yule aliyeuliza swali lile tumpeleke kwenye ukingo wa Rusizi, atazame maji yanavyoondoka Kivu kwenda Tanganyika, kisha aulizwe ni wapi angeumwaga mchanga ule, na kwa nini.