Seva ya Pili Inapotwaa Anwani

Tangu Mji wa Serikali uzinduliwe Aprili 2019 huko Mtumba, Dodoma, jirani na Ihumwa, wazo la seva mbili kuchangia anwani moja ya IP, moja Dodoma na nyingine Dar es Salaam, lina mvuto wake: moja ikizimika, ya pili inashika anwani na mtumiaji hajui lolote. Kuhamisha anwani kwenyewe ni kazi nyepesi. Programu ya Keepalived hutumia itifaki ya VRRP, ambamo seva kuu hutangaza kila sekunde 1 kwamba ingali hai. Seva ya akiba yenye kipaumbele 100 ikikosa matangazo kwa sekunde 3.6 hivi, hujitwalia anwani, kisha hutangaza kwa ARP kwamba anwani hiyo sasa iko kwenye kadi yake. Tangazo hilo si pambo. Ruta za Cisco, mipangilio isipoguswa, hukumbuka ARP kwa saa 4. Bila tangazo, maombi yataendelea kupelekwa kwa maiti.

Ugumu uko kwenye maana ya ukimya. Seva ya akiba haiwezi kujua kama mwenzake amekufa au ni swichi iliyo kati yao tu imegoma, na VRRP haina namna ya kuuliza. Zote mbili zikishika anwani, tunarudi kwenye mafahali wawili na zizi moja. Kwa tovuti ya kusomwa tu, hasara ni ndogo. Kwa hifadhidata inayopokea malipo, kila upande utaandika yake na hakuna swichi itakayoyapatanisha. Ndiyo maana naona programu za Pacemaker na Corosync, pamoja na usumbufu wake wote, ndizo zinazofaa hapo: huhesabu kura za seva, kisha huikatia umeme seva iliyonyamaza kabla ya kugusa anwani.

Wapo wanaosema kukata umeme ni ukatili, kwamba seva nzima itauawa kwa kosa la waya. Ni kweli, na zikiwa mbili tu zinaweza kuzimana zenyewe kwa zenyewe. Dawa ni kura ya tatu, hata ya kompyuta ndogo. Pingamizi zito zaidi ni hili: amri ya kukata umeme ikipitia kadi ya usimamizi iliyo ndani ya seva, umeme ukikatika kadi nayo hunyamaza, na klasta, yaani kundi zima la seva, hugoma kuhama. Inagoma kwa haki, maana haijathibitisha kifo. Basi amri ipewe njia ya pili, kupitia soketi za umeme zinazoamriwa kwa mtandao.

Kuhusu Dar es Salaam, ARP haivuki ruta. Unaweza kuunyoosha mtandao mmoja juu ya faiba ya kilomita 450, lakini faiba ikikatika utazaa ukimya uleule, safari hii ukiwa mbali na swichi ya umeme. Anwani inayohama ibaki ndani ya chumba kimoja Dodoma. Kati ya miji, DNS yenye muda mfupi wa kumbukumbu inatosha, na uamuzi wa kuhama aufanye mtu, hata kama utachukua dakika kadhaa.