Kilo Tano Zilizobaki: Jinsi Wintgens Alivyosakwa Bonde la Songwe

Anayesoma taarifa za zamani za vita vya huku kwetu atapotea mapema asipoambiwa kwamba mito inayoitwa Songwe ni miwili. Mmoja unakwenda Ziwa Nyasa, na leo ndio mpaka wetu na Malawi. Wa pili unateremka upande wa Rukwa, unapita Galula, na kuishia kwenye ziwa la magadi huko bondeni. Ninaouzungumzia ni huu wa pili. Machi 1917, masika yakiwa yamekolea, askari wa Mjerumani mia tano na ushee walipita hapo wakielekea kaskazini, na Waingereza wakawafuata kwa miguu. Waliofuata walikuwa na kila kitu isipokuwa chakula cha kesho.

Kiongozi wa hao waliofukuzwa, Kapteni Max Wintgens, hakuwa mwasi. Alikuwa ofisa wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, na aliwahi kuiwakilisha serikali yao huko Rwanda. Lakini kwa anayemfukuza, kazi ilikuwa ileile ya kusaka waasi: kundi dogo lenye silaha, halina kambi ya kudumu, halina reli nyuma yake, linakula kwa wanavijiji na kuhama kabla jivu halijapoa. Ndiyo maana msako huu unafaa kuchambuliwa hata leo. Vita kubwa za mizinga huwa na wachambuzi tele. Doria ya miguu porini haina wengi, kwa sababu muda wake mwingi ni kutembea, kusubiri na kuhara.

Turudi nyuma kidogo, tuone mpaka wenyewe ulivyokuwa. Mwaka 1914 Tunduma haikuwa mji wa malori. Ng'ambo, karibu na ilipo Nakonde leo, Waingereza walikuwa na boma dogo liitwalo Fife, kwenye ile njia ya Stevenson iliyounganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Upande wetu Wajerumani walikuwa na ngome zao, mojawapo Igamba huku Mbozi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu pande hizi mbili ziliviziana na kuchungulizana. Kisha Mei 1916 Jenerali Northey wa Waingereza, akiwa na watu karibu 2,600, alivuka mpaka kwa safu nne kwa pamoja: moja kutoka Abercorn, ya pili Fife, ya tatu Fort Hill, ya nne Karonga. Kila safu ilipewa ngome yake ya kuzingira. Mpaka huo, toka ziwa hadi ziwa, una zaidi ya kilomita 300, na mwaka ule hakukuwa na simu ya upepo ya kubeba begani.

Kwenye ramani mpango ulipendeza, na nchi ilitwaliwa kweli: kufikia mwisho wa Mei Neu Langenburg, ambayo sasa ni Tukuyu, ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Lakini walinzi wa ngome walitoweka. Kuzingira boma kunahitaji watu wengi kuliko wanavyodhani wanaopanga vita mezani. Weka askari mia sita kuzunguka kilima, kila mmoja mita kumi kutoka kwa mwenzake, usiku, kwenye nyasi zinazompita mtu kimo, halafu jiulize nani anamwona nani. Wajerumani walisubiri giza, wakapenya kwenye mapengo, asubuhi ngome ikakutwa tupu. Northey alipata ardhi, na adui akabaki mzima.

Wintgens alikuwa zao la hali hiyohiyo. Februari 1917 kikosi cha kamanda wa Kijerumani Kraut, alichokuwamo, kilikuwa upande wa Songea na kilikuwa kimekwisha kula kila kilicholika. Makamanda wawili wakaachana njia: Kraut akaelekea mashariki na kusini, Wintgens akageuka magharibi. Wengi wa askari wake walikuwa watu wa pande za Tabora na kwingineko magharibi, kwa hiyo huku wakikimbia adui walikuwa pia wanarudi kwao. Anayesaka kundi linalorudi kwao ana kazi ngumu mara mbili. Askari hao hawakuhitaji kuhimizwa, na kila siku iliyopita iliwasogeza kwa watu wanaojua lugha yao.

Sasa tuangalie safu yenyewe, maana hapa ndipo penye ufundi. Njia za pori la huku ni za mtu mmoja. Chukua askari 500 na wapagazi 1,000, wapange mmoja nyuma ya mwingine kwa nafasi ya mita mbili. Umeshapata kilomita tatu, kabla hujamhesabu anayesimama kutoa mwiba au kufunga upya mzigo. Kwa mwendo wa mtu aliyebeba, wa mwisho anafika kambini dakika arobaini na tano na zaidi baada ya wa kwanza. Walinzi wa mbele wakishambuliwa, mkia wa safu unasikia milio tu, haujui ni ya nani. Mwenye kuvizia anaujua udhaifu huo. Hana haja ya kupiga kichwa cha safu. Anaacha kichwa kipite, anapiga tumbo, ilipo mizigo, kwa sababu mpagazi akitupa mzigo na kukimbia, jeshi zima limesimama.

Kwa hiyo doria zilitembea zimegawanyika. Mbele kabisa walikuwa watu wachache wepesi na mtu wa kusoma nyayo, nyuma yao kundi la bunduki, kisha mizigo ikiwa na walinzi ubavuni pale pori liliporuhusu, na mwisho walinzi wa nyuma waliokuwa pia na kazi ya kuwasukuma waliochoka. Bunduki za mtombo, ambazo askari waliziita bombomu, zilifunguliwa vipande na kubebwa vichwani, na aliyebeba chuma alipaswa kuwa karibu na aliyebeba risasi, la sivyo zana yote ilikuwa mzigo mtupu. Kuhusu nyayo, watu hudhani mvua inazifuta. Inafuta unyayo wa mtu mmoja. Watu elfu moja na mia tano wakipita wanaacha mkanda wa matope, majani yaliyolala, maganda ya muhogo na vinyesi. Mjuzi wa pori anayahesabu mafiga kambini, anashika jivu kwa kiganja, anakuambia walilala wangapi na wameondoka lini. Kumpata Wintgens hakukuwa tatizo. Kazi ilikuwa kumfikia ukiwa bado na nguvu za kupigana.

Na hapo tunakuja kwenye unga.

Ng'ombe na farasi hawakufaa, maana ndorobo waliwamaliza. Magari yalihitaji barabara, na barabara masika ni tope. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 25 hivi, yaani debe la mahindi na kitu juu yake. Posho yake ilikuwa takriban kilo moja ya unga kwa siku. Ghala likiwa mwendo wa siku kumi nyuma ya kikosi, mpagazi atakula kilo kumi akienda na kilo kumi akirudi. Katika debe lake na ziada yake, zitakazomfikia askari ni kilo tano.

Endelea kupiga hesabu. Askari 500 wanakula kilo 500 kwa siku, kwa hiyo wapagazi 100 wawasili kambini kila siku ya Mungu. Na kwa kuwa kila mmoja anatumia siku ishirini kwenda na kurudi, lazima watu 2,000 wawe njiani muda wote, wazima, wasiotoroka, wasiougua. Hapo hatujabeba risasi hata moja, wala dawa, wala hema la bwana mkubwa. Ghala likiwa siku kumi na mbili na nusu nyuma, mpagazi anakula mzigo wake wote akienda na kurudi, na askari hapati hata kilo moja. Huo ndio uliokuwa mwisho wa kamba ya doria ya Mwingereza.

Waliougua walikuwa wengi kweli. Mahindi yaliyosagwa vibaya, yakapikwa nusunusu kwa kuni mbichi, yaliwakata matumbo watu ambao wengine walizoea mtama, ndizi au ulezi. Kutoka baridi ya Mbozi kushuka joto la bonde la Rukwa kulileta malaria. Kwa vita nzima ya Afrika Mashariki Waingereza walitumia wapagazi wanaokaribia au kuzidi milioni moja, na waliokufa, kwa hesabu rasmi tu, ni zaidi ya 90,000, wengi wao kwa magonjwa. Kusini mwa mpaka waliitwa tenga-tenga. Huku jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kambi yao.

Wintgens hakuwa na hesabu hiyo. Ghala lake lilikuwa mbele yake, katika vihenge vya wanakijiji. Alifika, akachukua, akaondoka, na aliyemfuata alikuta vihenge vitupu. Mtu aitwe mjanja kwa hilo akitaka, lakini bei ya ujanja huo aliilipa mkulima aliyekuwa amebakiza mbegu tu, na ambaye siku mbili baadaye alifikiwa na jeshi la pili likimdai chakula, mwongozaji na vijana wa kubeba. Nasikia watu wakimsifu sana kamanda mkuu wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, na maofisa wake kwa vita ya porini. Sifa hizo hazikuulizwa kwa waliopikiwa mbegu zao.

Kosa kubwa la msako lilitokea Galula. Misheni ya Mapadri Weupe pale iliitwa St. Moritz, na ilikuwa na majengo imara karibu na mto. Luteni Kanali Tomlinson, aliyeongoza kikosi cha Waafrika kutoka Rhodesia ya Kusini, alitangulia na kumkaribia Wintgens kabla safu ya pili ya Waingereza, iliyoongozwa na Murray, haijafika. Kumkaribia kulikuwa kazi nzuri ya miguu. Kumshambulia peke yake ilikuwa haraka. Wintgens aligeuka, akambana, na mfukuzaji akajikuta kazingirwa katika misheni, posho ikipungua, akisubiri kuokolewa. Murray alipowasili, Wintgens aliondoka kuelekea kaskazini kwa wakati wake mwenyewe. Doria inayomkuta adui inatakiwa imshike tu, imkere, imnyime usingizi, hadi mwenzake afike ubavuni. Tomlinson alitaka kumaliza.

Baada ya hapo msako ulipita mikono mingi, ya Waingereza na ya Wabelgiji. Hakuna doria iliyomwangusha Wintgens. Mei 1917, akiwa upande wa Tabora, alishikwa na tifasi, homa ienezwayo na chawa, akajisalimisha kwa Wabelgiji. Msaidizi wake Naumann aliendelea na kundi lile hadi Kahe, jirani na Moshi, na hakuweka silaha chini mpaka mwanzoni mwa Oktoba.

Miaka thelathini na kitu baadaye, katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, Waingereza walionyesha kwamba somo walilipata, japo kwa njia ya kikatili. Dhidi ya Mau Mau walitumia doria nyepesi zilizobeba chakula cha siku chache mgongoni na wasoma nyayo hodari. Lakini kilichouma zaidi ni kukusanya wakulima katika vijiji vya lazima na kuchimbisha handaki la kilomita 80 hivi pembezoni mwa Mlima Kenya, kazi ya shuruti, ili chakula kisipite kutoka shambani kwenda msituni. Kiongozi wao Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 21, 1956, alikuwa ukingoni mwa msitu, upande wa mashamba.

Huku Songwe, miaka mingi kabla ya hayo ya Kenya, mambo yalirudi mara moja zaidi. Mwisho wa Oktoba 1918 Lettow-Vorbeck mwenyewe, akitoka Msumbiji kwa kuzunguka kaskazini mwa Ziwa Nyasa, alipita Mbozi akaja hadi mpakani. Mwanzoni mwa Novemba aliijaribu Fife, akaikuta ina mahandaki na watu wa kuyalinda. Hakung'ang'ania. Aliipita kando akaingia Rhodesia ya Kaskazini, Kayambi, kisha Kasama, huku waliomfukuza wakiwa nyuma kama kawaida. Novemba 13, karibu na mto Chambeshi, alipata habari kwamba vita vya Ulaya vimekwisha.

Alikabidhi silaha Abercorn, Novemba 25, 1918, akiwa na askari zaidi ya 1,100. Zilipohesabiwa, bunduki zilizidi elfu moja, na karibu zote zilikuwa za Waingereza na Wareno. Bombomu zilikuwa 37. Thelathini kati ya hizo ni za Waingereza, na zote zilikuwa zimefika porini juu ya kichwa cha mpagazi.