Pumzi ya Kurudia

Kabla ya kuzama, mzee yule alikuwa hasemi na mtu. Alikaa ubavuni mwa mashua, miguu majini, miwani amekwisha kuitemea mate na kuisugua kwa jani, viganja vimetulia juu ya mapaja. Alivuta hewa mara nne au tano tu, na kila pumzi ilikawia kutoka kuliko ilivyokawia kuingia. Sote chomboni tulinyamaza. Hata kijana aliyekuwa akikumba maji aliweka kopo chini. Kisha mzee aliteleza, maji yasiruke hata tone, kama mtu aingiaye chumba alimolala mtoto mchanga.

Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Sitini. Themanini. Mia. Chini palikuwa na pima sita hivi, na kwa kuwa maji yalikuwa yanajaa nilimwona waziwazi: anapapasa ukingo wa mwamba kwa ncha za vidole, anachungulia pango, analiacha, anachungulia jingine. Alipoibuka hakutweta. Alishika ubavu wa mashua, akapumua mara moja, akanipokeza pweza.

"Mzee, ungeweza kukaa zaidi?"

"Ningeweza."

"Sasa mbona umetoka?"

"Iliyobaki si ya kule chini, mwanangu. Ile ni ya kurudia."

Hiyo ilikuwa wiki yangu ya pili kisiwani Mafia. Nyuma yangu kulikuwa na miaka tisa ya ofisi, ghorofa ya sita, maeneo ya Posta, Dar es Salaam, dirisha likitazama meli zinavyopita mlango wa bandari. Kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa. Sikuteswa na mtu, na mshahara ulikuja kwa wakati. Ila siku moja niliingia chumba cha chai nikakuta taarifa niliyoiandika kwa wiki tatu imetandikwa chini ya birika, kurasa za juu zimelowa, na hapakuwa na mtu aliyeona ajabu, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekuwa akiisubiri. Nilirudi mezani nikafungua nyingine. Jioni ile, ndani ya daladala, nilishindwa kukumbuka jambo moja nililolifanya kwa mikono yangu mwaka mzima. Tulikuwa tunatumia pumzi yote huko chini, na wengi hawakuibuka ila siku ya kustaafu.

Niliposema nyumbani kwamba naacha kazi nikazamie, mama aliketi chini. Kwetu mjini neno hilo lina jeraha. Mzamiaji ni kijana anayejificha ndani ya meli aende ng'ambo, na mjomba wangu mmoja alizamia hivyo. Sauti yake hatujaisikia hadi leo. Ilibidi nimshike mama mikono, nimweleze kwamba mimi naongelea kuzamia kwa asili yake, kwenda chini na kurudi.

Nilianza na mtungi wa hewa, kama wanavyoanza wote siku hizi, na ndio unaonilisha: naongoza wageni ndani ya ghuba ya Chole, nawaonyesha kasa na taa. Siudharau. Tangu Wafaransa wawili, Cousteau na Gagnan, walipobuni kifaa cha kupumulia majini mwaka 1943, watu wengi mno wameona dunia ambayo babu zao hawakuijua. Lakini mtungi unakupa hewa bila kukuuliza wewe ni nani. Mgeni anasoma siku nne, anapata cheti, na siku ya tano namkuta amesimama kwa mapezi yake juu ya tumbawe lililokua miaka mingi kuliko umri wake, anapigwa picha. Namshusha kwa ishara ya mkono. Ananipungia, akidhani namsalimu.

Kwa hiyo asubuhi nisizokuwa na wageni nilikwenda kwa mzee. Kwa miezi ya kwanza hakunifundisha kuzama hata kidogo. Alinifundisha kutazama. Kwenye ghuba ile maji yanapojaa huingia kupitia mlango wa Kinasi, nayo ni maji ya bahari kuu, masafi, unaona mchanga chini kama uko kiganjani. Yanapotoka hubeba vumbi la mikoko na matope, na mkono wako mwenyewe unaupoteza. Nilipaswa kujua saa ya yote mawili bila kutazama simu, kwa mwezi wa jana usiku na kwa namna madau yalivyogeuka kwenye nanga.

Kisha akanifundisha kuupata mwamba, na hapa ndipo niliposhika kichwa. Kwenye maji matupu, hakuna boya, hakuna bendera, mzee alikuwa anasema "tua tanga", nanga inashuka, na chini yetu ni jiwe lilelile la jana. Alikuwa na alama zake nchi kavu. Mbuyu mmoja ufunikwe nusu na pembe ya kisiwa, huku upande wa pili mnazi uliopinda uwe umeupita tu msikiti. Mistari hiyo miwili ikikutana, hapo ndipo. Kila fungu lilikuwa na alama zake na jina lake, mengine majina ya watu waliokwisha kufa, na yote aliyabeba kichwani. Mwaka mmoja mnazi ule uliopinda uliangushwa na upepo wa kusi. Nilimkuta ameketi pwani anapatazama ulipokuwa, akitafuta mti mwingine wa kuukalisha mahali pake. Alichukua siku tatu. Leo vijana wana kifaa kinachowaonyesha mahali kwa setilaiti, na fungu lina namba. Samaki wanavuliwa vilevile. Ila mnazi ukianguka sasa, hakuna anayeketi pwani.

Ndipo akanipa pumzi. Alinikataza kuhema harakaharaka kabla ya kuzama, na alikuwa mkali kwa hilo peke yake. Baadaye nilisoma sababu yake: kinachotulazimisha kupumua ni hewa chafu inayojikusanya mwilini, si kupungua kwa ile safi, na anayehema mno kabla ya kwenda chini anaizima kengele yake mwenyewe. Hasikii kiu ya hewa mpaka anapokaribia juu, hapo fahamu zinamtoka bila maumivu. Mzee hakuyasoma hayo popote. Aliwazika wawili.

Ukifika meta kumi bahari imekwisha kukukamua mapafu yakabaki nusu, na moyo unapunguza mwendo wenyewe. Masikio unayazibua kidogokidogo njiani, mapema, kabla hayajauma. Kisha kunakuja utulivu ambao sijaupata kwingine, wala msikitini, Mungu anisamehe. Unasikia pono wakitafuna matumbawe. Hakuna anayekutaka kitu.

Sanaa hii ni ya zamani pwani kwetu, na si yote ilikuwa ya hiari. Katika karne ya 19, na hata mwanzoni mwa karne ya 20, watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki walizamia lulu katika Ghuba ya Uajemi, jiwe mguuni, kibanio puani, kamba mkononi mwa mwenzao aliyebaki juu kuwavuta. Walizama msimu wote wa joto kwa faida ya waliokaa chomboni. Lulu ya kufugwa ya Wajapani na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 viliiangusha biashara ile, na kamba zikaoza. Mzee aliposikia habari hizo kwangu hakuuliza habari za lulu. Aliuliza nani alikuwa anaamua saa ya kuibuka.

Sisi wenyewe tumeiharibu bahari yetu kwa mikono mingine. Baruti zilipasuliwa miaka mingi juu ya miamba ya pwani hii. Hifadhi ya bahari ya Mafia, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995, na mwaka 1998 joto la El Niño likaja. Mzee anasema alizama akakuta mwamba umepauka kama mifupa. Siku hizi wako vijana wanaozamia majongoo bahari kwa mpira uliounganishwa na mashine ya kujazia upepo, wanakaa chini muda mrefu, wanaibuka kwa kasi, na mapovu yanawafunga viungo. Mmoja namwona sokoni na gongo lake. Hajafika miaka thelathini. Chini aliongezewa pumzi bila kikomo, na hakuwa na mtu wa kumwambia ipi ni ya kurudia.

Mzee hazami tena, kifua kimemkataa. Wanawe wako Dar es Salaam, na mmoja, nimeambiwa, anafanya kazi kwenye jengo refu maeneo ya Posta. Nikitoka majini nakwenda kumkuta barazani, namwamkia, ananiuliza habari za mafungu kama mtu anavyouliza habari za ndugu. Huishia kwa chewa mmoja mkubwa aliyemjua miaka mingi, mwenye kovu shavuni, anayekaa pango la upande wa kusini la fungu lake alipendalo. Hakumvua kamwe. "Yupo?" Nasema yupo. "Haya."

Juma lililopita nilimkuta hayupo. Mdomoni mwa pango palibaki uzi wa nailoni umejizungusha kwenye tumbawe, na tumbawe limevunjika. Niliufungua uzi hadi pumzi ikaniambia basi, nikaibuka.

"Yupo?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba maji yalikuwa machafu, sikuona pangoni.

Mzee alitazama ghuba. Maji yalikuwa yanajaa, na kutoka pale barazani ungeweza kuona mchanga chini ya madau. Akaniambia nimletee miwani yangu. Akaichukua, akamimina maji ya kisima, akaisuuza chumvi taratibu, kioo kimoja, kisha kingine.