Subira ya Mpiga Picha na Gari la Mizigo

Upigaji picha za magari ya moshi ni burudani yenye wafuasi wengi katika nchi za ng'ambo, na baadhi yao wamevuka bahari kuja kuzitafuta injini za Afrika ya Mashariki. Wafuasi hao hawalipwi. Huamka alfajiri, wakachukua kamera na chupa ya maji, wakaketi kando ya tuta la reli kulingojea gari la mizigo. Wako wanaoiona kazi hiyo kuwa upuuzi wa watu wenye nafasi. Sisi hatuioni hivyo. Kazi inayomtaka mtu subira, jicho na uamuzi wa nukta moja ni sanaa, na kila sanaa yastahili kuhakikiwa. Katika makala haya tutauliza mambo mawili: subira hiyo inamfundisha nini mpiga picha, na picha zake zinatupa nini sisi ambao reli hizo ni zetu. Mwanafunzi wa Lupaso, wilayani Masasi, ambako hapana reli, asidhani kwamba habari hii haimhusu. Tutafika kwake.

Kwanza tuzitazame dhiki za kazi yenyewe. Gari la abiria lina saa yake, hata kama huchelewa. Gari la mizigo huondoka pale ambapo mabehewa yamekwisha kupakiwa, injini imepatikana, na njia iko wazi. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilijengwa kuwa ya njia moja. Ndivyo ilivyo pia TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Katika njia moja, magari mawili hayapishani ila kwenye stesheni yenye njia ya pili, na aghalabu la mizigo ndilo linalongoja. Basi mpiga picha aliyechagua mahali pake asubuhi, mwanga ukiwa mzuri wa ubavuni, huweza kukaa hapo hadi jua likafika utosini. Saa hiyo uso wa injini huingia giza, na vivuli vya mabehewa hujikusanya chini ya magurudumu. Ndipo gari linapotokea! Au halitokei kabisa, likaja kupita usiku mpiga picha akiwa amelala. Na hata likija kwa wakati unaofaa, upepo mmoja wa vumbi huweza kuiharibu kazi ya siku nzima.

Dhiki ya pili ni kibali. Wapiga picha wengi hulalamika kwamba husimamishwa na kuulizwa maswali. Malalamiko hayo yapimwe kwa historia. Mwezi Oktoba mwaka 1979 majeshi ya Rhodesia yalilivunja daraja la TAZARA katika mto Chambeshi, nchini Zambia, na usafirishaji ukakatika. Nchi iliyopitia mambo hayo haiwezi kumwona mtu mwenye kamera darajani ikadhani daima kwamba anatafuta urembo. Kwa hiyo mpiga picha mwenye adabu huanza kwa mkuu wa stesheni, akajitambulisha, akaomba ruhusa, kisha akasimama mbali na njia. Hodi ni sehemu ya sanaa yake.

Subira si jambo geni kwetu. Wanawake wa nyanda za juu za Wamakonde, huko Newala, kwa miaka mingi waliteremka mabondeni kufuata maji na kuupanda tena mlima ndoo zikiwa kichwani. Mchongaji wa mpingo naye haulazimishi mti ule mgumu. Huuzunguka, akautazama, akautoa umbo kidogo kidogo. Lakini tuangalie tofauti. Mteka maji hurudi na maji, na mchongaji humaliza na kinyago. Kungoja kwenyewe hakuna thamani mpaka kuzae kitu. Saa nne za mpiga picha kando ya reli zina faida ikiwa katika saa hizo ameyaona yaliyomzunguka: genge la wafanyakazi wanaokaza vyuma kwenye mataruma, mama anayeuza ndizi stesheni, makuli wanaopanga magunia. Akiwa ameikodolea macho kona ya reli tu, amesubiri bure.

Hapa ndipo tunapoona upungufu mkubwa wa picha nyingi za aina hii. Mtindo unaopendwa mno ni ule wa kuipiga injini kwa mshazari, uso na ubavu mmoja vikionekana, jua likiwa mgongoni mwa mpiga picha. Ni picha safi, na kwa fundi wa mitambo ina mafunzo. Lakini zikiwa mia moja hufanana kama picha za vitambulisho. Mzigo hauonekani, ingawa mzigo ndio sababu ya gari kuwako. Shaba ya Zambia, pamba ya Shinyanga na mbolea ya mkulima zote zimekuwa mkia tu wa injini. Wako wapiga picha waliojaribu kuuepuka mtindo huo kwa kumsimamisha mtu kando ya gurudumu ili ukubwa wa chuma uonekane. Jaribio hilo nalo halitoshi. Mtu aliyewekwa hapo kwa sababu hiyo ni rula, hajawa mtu bado.

Maelezo yaliyo chini ya picha huukuza upungufu huo. Mwaka 1976 Kevin Patience, ambaye jina lake la ukoo kwa Kiingereza lina maana ya subira, alitoa kitabu cha historia ya injini za mvuke za Afrika ya Mashariki kwa picha. Hatuna budi kumshukuru yeye na wenzake, kwa maana mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika lake la reli likagawanywa, na injini za mvuke zikazidi kutoweka. Bila ya wapenzi hawa tungesahau mengi. Lakini desturi ya wapenzi wa reli ni kuandika nambari ya injini, aina yake, kiwanda na mwaka. Injini 34 za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock katika miaka ya 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, zilipewa majina ya milima yetu. Nyingine zilipewa majina ya makabila yetu. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971, ipo hadi leo injini nambari 5918 iitwayo Mount Gelai, jina la mlima wa kaskazini mwa Tanzania. Chuma kilipewa jina la mlima na jina la kabila. Mwana wa kabila hilo, aliyekipangusa na kukitia mafuta, aghalabu huandikwa "mfanyakazi" tu.

Sasa tufike Kusini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa reli, pamoja na bandari ya kina kirefu huko Mtwara. Mpango uliachwa mwaka 1951, lakini reli iliendelea kutumika, na mwishoni mwa miaka ya 1950 tawi lake lilifika Masasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, mizigo ikiwa haitoshi kuilipia gharama, na vyuma vikang'olewa. Leo korosho za Masasi na Newala huteremka Mtwara kwa malori. Mtoto aliyezaliwa Lupaso katika miaka ya 1940 aliweza kukua akisikia habari za gari la moshi la Masasi, na kabla hajaota ndevu vizuri likawa hadithi. Leo mtoto huyo, akiwa hai, ni mzee wa miaka karibu themanini au zaidi.

Hapa hapana gari la kungojea tena. Lakini wapo waliopakia magunia, waliofyeka tuta, waliopanda mabehewa yale. Hao ndio picha ambayo wageni wengi hawakuipiga. Tunawaomba walimu wa sekondari za Masasi, Nachingwea na Newala wawapeleke wanafunzi kwao, kwa simu zenye kamera ambazo siku hizi zimeenea hata vijijini. Mwanafunzi apige hodi, aombe ruhusa, akae, asikilize kwanza. Mzee asipokuwa tayari leo, arudi kesho. Subira ya kando ya reli itumike hapo. Kisha chini ya kila picha, kwa ridhaa ya mwenyewe, aandike jina kamili, kijiji, kazi aliyoifanya na mwaka. Picha hizo zihifadhiwe shuleni, na nakala zipewe wenyewe. Tunashauri kazi hiyo ianze muhula huu, wazee hao wakiwa bado wanaweza kuyataja majina ya wenzao waliotangulia.