Namba Inapopita Kwenye Maandishi

Data iliyo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta huwa na aina yake: namba kamili, namba ya desimali, tarehe, kweli au si kweli. Inapohifadhiwa kwenye faili au kutumwa kwa programu nyingine, mara nyingi hugeuzwa kuwa maandishi, na upande wa pili huyasoma na kuirudisha katika aina yake. Ugumu mkubwa uko kwenye namba, kwa kuwa maandishi hubeba tarakimu tu. Hayasemi namba hiyo itawekwa kwenye biti ngapi.

JSON, muundo mmojawapo wa maandishi hayo, hauweki kikomo cha tarakimu. Lugha ya JavaScript, ambako muundo huo ulichimbuka, inaposoma JSON huweka kila namba kwenye biti 64 kwa kufuata kiwango cha IEEE 754 kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1985, ambacho huzipa tarakimu zenyewe usahihi wa biti 53. Kwa hiyo namba kamili zote huhifadhika sawasawa hadi 9,007,199,254,740,992. Zaidi ya hapo, zisizopata nafasi husogezwa hadi kwa jirani aliye karibu.

Mwaka 2010 Twitter ilikutana na kikomo hicho, ilipohamia kwenye vitambulisho vya biti 64 vilivyotolewa na mfumo wake wa Snowflake. JavaScript ikisoma 90071992547409921 hupata 90071992547409920, na haitoi onyo lolote. Twitter iliamua kutuma kila kitambulisho mara mbili: kama namba katika sehemu ya id, na kama maandishi ndani ya alama za kunukuu katika id_str. Kusema kweli, kitambulisho hakijumlishwi wala hakigawanywi. Kilistahili kuwa maandishi tangu mwanzo.

Desimali zina tatizo la aina nyingine. Katika mfumo jozi 0.1 haiishi, kama theluthi moja isivyoisha katika desimali, hivyo kinachohifadhiwa ni takriban 0.1000000000000000055. Kuandika tarakimu muhimu 17 kunatosha kuirudisha namba ileile, mradi ukadiriaji ufanywe kwa usahihi pande zote mbili. Ila njia hiyo huchafua maandishi: matoleo ya zamani ya lugha ya Python yalionyesha 0.1 kama 0.10000000000000001.

Dawa ilikuwa imekwisha kuelezwa mwaka 1990. Guy Steele na Jon White walieleza namna ya kuandika desimali kwa usahihi. Katika mkutano huohuo William Clinger akaeleza namna ya kuzisoma. Kila namba ya biti 64 ina eneo lake, na desimali yoyote iliyomo humo husomwa kuwa namba hiyo. Basi anayeandika hana haja ya thamani nzima. Anatafuta desimali fupi kuliko zote katika eneo hilo. Kwa 0.1, jibu ni 0.1. Jumla ya 0.1 na 0.2 huandikwa 0.30000000000000004, jambo linalowashangaza wengi, lakini ni sahihi: 0.3 imo katika eneo la namba jirani. David Gay wa Bell Labs aliandika msimbo wa kazi hiyo, na Python 3.1 iliuchukua mwaka 2009. Mwaka 2018 Ulf Adams alitoa Ryū, mbinu inayofika kwenye jibu kwa kasi zaidi kwa kutumia hesabu za namba kamili na majedwali yaliyoandaliwa mapema.

Mipangilio ya lugha nayo huharibu. Kompyuta iliyopangwa kwa Kijerumani inaweza kuandika moja na nusu kama 1,5, na katika JSON mkato hutenganisha thamani mbili. Msimbo unaoandika data kwa ajili ya programu nyingine haupaswi kufuata mipangilio ya mtumiaji.

Tarehe haina aina yake katika JSON; kwa kawaida huandikwa kwa kiwango cha ISO 8601, na msomaji lazima ajue mwenyewe kwamba maandishi hayo ni tarehe. Namba isiyo na ukomo haina hata umbo la kuiandika: JavaScript huweka null mahali pake, na upande wa pili hupokea null.