Geuza Kadi Uone Mgongo Wake

Pembeni mwa soko la Kariakoo, chini ya mwavuli uliopauka kwa jua, kuna mzee anayeshona viatu vya shule. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake nikisubiri gundi ya soli yangu ikauke, ndipo nikamwona akikarabati tundu la kamba lililoraruka. Alitoa pete ndogo ya shaba kwenye kopo la maziwa, akaichomeka kwenye ngozi, akakilaza kiatu juu ya kipande cha chuma. Kisha akasimamisha kijichuma kifupi juu ya pete ile na kugonga mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Alipomaliza alikigeuza kiatu, akapitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka upande wa ndani. Ukucha haukukwama popote.

Mkobani nilikuwa na kadi ya harusi niliyokuwa nikihangaika nayo wiki nzima. Nikamwonyesha.

“Mzee, pete kama hiyo inakubali kwenye karatasi?”

“Inakubali, mwanangu. Ila ngozi hustiri kosa. Karatasi haistiri.”

Akanifungia pete moja kwenye pembe ya kadi, hakutaka hela. Kadi ile ninayo mpaka leo, na kila ninapotaka kununua kifaa kipya cha kufungia pete, naitoa kwanza nikaitazama mgongo.

Pete hii ni kitu kidogo mno, lakini umbo lake lina akili. Ina kichwa, yaani ule ukingo wa mviringo unaoonekana upande wa mbele, na ina shingo, kineli kifupi kinachopenya kwenye tundu na kutokeza nyuma. Kufunga pete ni kuifungua ile shingo na kuikunja irudi kwenye karatasi, ili kadi ibanwe katikati, kichwa mbele na mkunjo nyuma. Kijichuma cha kukunjia kina ncha inayoingia ndani ya shingo, na kuizunguka ncha hiyo kuna mfereji wa duara. Chuma kikishuka, ukingo wa shingo hufuata mkunjo wa mfereji, ukajipinda nje, kisha chini. Pete nyingine zimetiwa mikwaruzo shingoni makusudi, hivyo zikikunjwa hupasuka vipande vinavyolala pande zote kama ua la asumini lililochanua. Nyingine hujiviringa bila kupasuka, zikabaki na mdomo laini. Mimi napenda za pili, hasa kwa kadi itakayoshikwa na watoto.

Kwa nini tusumbuke hivyo kwa ajili ya tundu? Karatasi ni nyuzi za mti zilizolazwa pamoja. Ukitoboa umezikata, na utepe ukivutwa, mvuto wote unakwenda kuegemea pale penye ukingo uliokatwa. Tena nyuzi hizo hazilali ovyo: nyingi huelekea upande mmoja, ule ambao karatasi ilikuwa ikikimbilia mashineni, na upande huo ndio unaochanika kirahisi. Waliofunga mizigo waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1863 Eliphalet Dennison wa Marekani alipata hataza ya lebo ya mizigo iliyobandikwa duara la karatasi ngumu kuzunguka tundu lake, ili kamba isiichane. Pete ya chuma hufanya kazi hiyohiyo kwa ukamilifu zaidi, kwa kuwa huugawa mvuto kuzunguka tundu zima na kuiachia kamba njia laini ya kuteleza.

Sasa, watu wengi wakitaka kifaa rahisi huuliza kama kinahitaji nguvu kidogo. Nami nilianza na swali hilohilo. Baada ya kadi nyingi kuharibika mikononi mwangu nimejifunza kuuliza lingine: je, kinashuka wima? Pete haikatai nguvu ndogo, inakataa kuinamishwa. Kijichuma kikiegemea kando hata kidogo, upande mmoja wa shingo hujikunja mapema ukamaliza kazi, huku ule wa pili ungali umesimama. Ukigonga tena kuulaza huo wa pili, wa kwanza unazidi kuzama mpaka unakata kadi. Mbele utaona pete nzuri imetulia. Geuza: nusu ya ua imechanua, nusu nyingine imejikunja kama ukucha.

Kifaa cha kwanza kwa wengi ni nyundo, fuawe ndogo na kijichuma kama cha yule mzee. Ni bei nafuu, hakichagui umbali, unaweza kuweka pete hata katikati ya bango. Lakini wima wake unautoa wewe, kwa jicho na kwa mkono wa kushoto. Mzee yule amefanya hivyo miaka mingi, na vidole vyake vinajua. Mimi nilipojaribu usiku kwenye meza ya chakula, nilipata kelele za kuamsha jirani na kadi tatu zilizopinda. Kuweka kitabu kinene chini ya fuawe hupunguza kelele, ila kitabu kinabonyea, na kikibonyea wima unapotea tena.

Halafu kuna koleo, lile linalouzwa pamoja na mfuko wa pete. Hili wengi hulisifu kwa wepesi, nami nina neno nalo. Taya za koleo huzunguka kwenye msumari mmoja, kwa hiyo haziteremki moja kwa moja, huja kwa upinde. Zimepangwa zikutane sawasawa kwenye unene fulani tu. Ukizitia kadi nyembamba kuliko unene huo au nene kupita, ncha inaingia imeinama. Kwa lebo za zawadi, za manila ya unene uleule kila siku, koleo zuri linatosha kabisa. Lakini halifiki mbali: taya zake zikigota kwenye ukingo wa kadi, basi. Na kwa kadi 200 za harusi, kufikia ya hamsini kiganja kinawaka moto.

Wapo pia wenye kifaa cha mikono miwili mirefu, kama kile kinachouzwa kwa jina la Crop-A-Dile. Kinatoboa matundu ya saizi mbili, inchi 1/8 na inchi 3/16, yaani milimita 3 na karibu milimita 5, kisha kinafunga pete palepale bila nyundo. Fuawe zake ndogo huzungushwa kufuata aina ya pete. Urefu wa mikono ndio siri ya wepesi wake, kama vile mpini mrefu wa jembe unavyompunguzia mkulima kazi. Lipo na toleo la taya ndefu, Big Bite, linalofika sentimita 15 kutoka ukingoni. Kwa anayetengeneza albamu, daftari za kumbukumbu na kadi chache za Idi au Krismasi, sijaona kinachompa raha kuliko hiki. Kutoboa na kufunga kwa kifaa kimoja maana yake tundu linalingana na pete, na hapo nusu ya makosa imekwisha.

Ila moyo wangu uko kwenye mashine ya mkono ya mezani, ile wanayotumia watengenezaji wa mabango na maturubai. Ni nzito, haina urembo. Ina mkono mmoja wa kuvuta, na nondo inayoshuka ndani ya ala yake ya chuma. Nondo haina pa kuinamia. Unaiweka kadi, unavuta mkono, unasikia shingo ikilegea, halafu ukinzani mdogo unaongezeka, halafu kimya. Kile kituo cha mwisho ndicho kinachofurahisha: mkono unajua pete imelala kabla jicho halijaona. Kila saizi ya pete inataka vichwa vyake viwili, cha juu na cha chini, na hapo ndipo gharama hukua. Mimi nilinunua vya saizi mbili tu, na vimenitosha.

Kosa langu kubwa halikuwa la kifaa hata hivyo. Niliwahi kununua pete kwenye duka moja la mapambo bila kuzipima. Shingo zake zilikuwa ndefu, zimekusudiwa ngozi, na kadi yangu ilikuwa ya gramu 300, nyembamba isiyofika nusu milimita. Shingo ikikosa mahali pa kwenda hujikunja juu yake yenyewe, na pete ikabaki inacheza. Kadi 60 zilikwenda na maji. Tangu hapo ninatembea na kipande cha kadi ninayotaka kuifanyia kazi. Naichomeka pete, natazama nyuma: shingo ikitokeza kama milimita 2, tunaelewana. Pete nayo iingie kwenye tundu kwa kusukumwa kidogo na kidole. Ikidondoka yenyewe tundu ni kubwa, hata ukiifunga vizuri itazunguka.

Jambo jingine ninalolibeba ni sumaku ndogo. Sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi, na pete ya chuma iliyopakwa rangi ya shaba huficha tabia yake mwezi mmoja au miwili tu, kisha huacha alama ya kutu kwenye karatasi nyeupe, duara la hudhurungi lisilofutika. Sumaku ikishika, pete nairudisha kwenye kikapu. Shaba hupoteza mng'ao, ndiyo, lakini haichafui kadi kwa kutu. Alumini ni laini zaidi, hufungika hata kwa koleo la bei ndogo, na kwa mwanafunzi ndiyo ya kuanzia.

“Kaka, naomba nijaribu hizi mbili,” ndiyo kauli yangu dukani siku hizi, na muuzaji mwenye nafsi hutoa kifaa kwenye boksi bila kununa. Nafunga pete moja kwenye kipande changu, nageuza, napitisha ukucha.

Wiki iliyopita nilimaliza kadi za mtoto wa dada yangu, manila ya rangi ya pembe, utepe wa hariri kijani. Aliichukua moja juu ya rundo. Hakusoma majina, alivuta utepe kwanza, ukapita kwenye pete mbili bila kukwaruza, kadi ikafunguka. Akaufunga tena, akauvuta tena.